Goti lililopondeka: picha ipi, lini, na kwa swali lipi

Bampa la gari dogo hukaa karibu sawa na goti la mtu aliyeketi juu ya pikipiki. Dereva akikata kona bila kutazama, akamvaa mwendesha bodaboda ubavuni, goti ndilo hupokea kishindo chote. Fupa la paja hugandamizwa juu ya muundi, na ile sehemu bapa ya juu ya muundi, ambayo tuiite uwanda, hupasuka, hudidimia, au vyote viwili kwa pamoja. Majeruhi akishafikishwa hospitali, mjadala huanzia kwenye benchi la ndugu kabla hata daktari hajamaliza kumpima. Mmoja anasema eksirei inatosha. Mwingine kasikia CT ndiyo inayoona kila kitu. Wa tatu anasisitiza mgonjwa ahamishiwe penye MRI, kwa kuwa hiyo ndiyo kiboko ya zote.

Wote watatu wana nia njema, na kila mmoja ana kipande cha ukweli. Lakini msimamo wangu nauweka wazi mapema: hakuna picha iliyo bora kuliko zote. Kuna swali ambalo daktari mpasuaji anataka lijibiwe, na kuna picha inayolijibu. Kipimo kikiagizwa kabla swali halijajulikana, familia huchangishana fedha kwa ajili ya picha isiyobadilisha chochote, na pengine ile iliyohitajika haipigwi kabisa.

Tuanze na sababu inayofanya kiungo kisifananishwe na mfupa wa kawaida. Muundi ukivunjika katikati, ukaunga umepinda kidogo tu, mtu anaweza kuishi nao miaka mingi bila shida kubwa. Ndani ya kiungo mambo ni mengine. Pale mifupa inapokutana, uso wake umefunikwa na gegedu, tabaka laini na la kuteleza ambalo likishaharibika halijirudishi kama lilivyokuwa. Sehemu moja ya uso huo ikididimia, uzito wa mwili hauenei tena sawasawa. Unalala kwenye ukingo mmoja, kila hatua, kila siku. Baada ya miaka michache kijana wa 28 anatembea kama mzee mwenye baridi yabisi. Wapasuaji wengi huanza kuingiwa na wasiwasi ngazi kwenye uso wa kiungo ikizidi milimita 2, ingawa goti husamehe zaidi kidogo kuliko kifundo cha mguu. Tunazungumzia vipimo ambavyo jicho haliwezi kuviona kwa nje, na ambavyo hata picha iliyopigwa ovyo haiwezi kuvionyesha.

Kabla ya picha yoyote, kuna mambo yanayotafutwa kwa mikono. Daktari anashika unyayo: una joto? Mapigo ya damu yanasikika juu ya unyayo na nyuma ya kifundo? Mgonjwa anaweza kuinua kidole gumba, na anahisi akiguswa? Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa ateri ulioshikiliwa juu na chini, kwa hiyo goti likiteguka au likivunjika vibaya, mshipa huo hauna pa kukimbilia. Unavutika hadi kuchanika. Wakati mwingine goti limeteguka barabarani na kurudi lenyewe kabla mgonjwa hajafika, na eksirei inaonyesha mifupa ikiwa mahali pake kana kwamba hakukutokea kitu. Ndiyo maana hulinganishwa shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono. Uwiano ukiwa chini ya 0.9, inahitajika CT ya mishipa, ile inayopigwa baada ya kuingiza dawa kwenye damu. Na mguu ukiwa umepoa kabisa, hauna mapigo, basi hata hiyo haisubiriwi: mgonjwa anakwenda chumba cha upasuaji. Misuli iliyokosa damu hukaa kama saa 6, kisha huanza kufa, na foleni ya kipimo haijawahi kumrudishia mtu mguu.

Mapigo yakiwa salama, eksirei inakuja kwanza. Nasema hivi kwa kusisitiza kwa sababu siku hizi, tangu mashine za CT zilipoanza kusambazwa katika hospitali za rufaa za mikoa nchini Tanzania, kumezuka dhana kwamba eksirei ni kipimo cha kizamani cha kuzugia. Si kweli. Wilhelm Röntgen aligundua miale hiyo mwaka 1895, na hadi leo picha mbili za eksirei zilizopigwa vizuri ndizo zinazomwambia daktari kama anahitaji kitu kingine, na kitu gani. Neno zito hapo ni mbili. Moja ya mbele, moja ya ubavu. Ufa unaolala sambamba na filamu hauonekani kwa mbele; ukigeuza mguu ndipo unajitokeza. Mgonjwa aliyepigwa picha moja tu, akaambiwa "haujavunjika, ni mshtuko wa mwili," akaenda zake nyumbani kukandwa na maji ya moto, ndiye anayerudi baada ya miezi 2 goti limekaa upande. Wengine hupitia kwanza kwa mwunga mifupa wa kijijini, ambaye kwa muundi uliopasuka katikati anaweza kufanikiwa, lakini kwa uwanda uliodidimia hana namna ya kuuinua.

Upigaji wenyewe una ufundi. Uwanda wa muundi haukai sawa kama sakafu. Umeinamia nyuma kwa nyuzi kama 10. Mpigapicha anayelijua hilo huinamisha bomba la mashine kwa kiasi hichohicho ili miale ipite sambamba na uso wa kiungo, na ghafla mdidimio uliokuwa umejificha unaonekana. Na katika picha ya ubavu, ikipigwa mgonjwa akiwa amelala chali na miale ikipita mlalo, kuna alama moja ambayo ningependa kila daktari kijana wa zamu aitafute. Juu ya pia ya goti, ndani ya kifuko cha kiungo, panaonekana mstari ulionyooka kabisa, juu yake peusi kidogo na chini yake peupe. Ni mafuta yaliyoelea juu ya damu, jinsi yanavyoelea juu ya supu ya kongoro iliyotulia. Mafuta hayo kwa kawaida yametoka kwenye uboho. Uboho hauwezi kuingia ndani ya kiungo isipokuwa mfupa umepasuka mahali fulani. Kwa hiyo hata kama ufa wenyewe hauonekani popote kwenye filamu, mstari ule unasema upo, na hapo sababu ya kuomba CT imepatikana bila kubahatisha.

CT ina historia inayotugusa Waafrika zaidi ya tunavyokumbuka. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cape Town na kusaidia kusimamia kazi za mionzi katika hospitali ya Groote Schuur. Huko ndiko alikoanza kujiuliza namna ya kukokotoa kilichomo ndani ya mwili kwa kupitisha miale kutoka pande nyingi. Alichapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyezijali. Nchini Uingereza, Godfrey Hounsfield, aliyekuwa akifuata njia yake mwenyewe, alitengeneza mashine, na mgonjwa wa kwanza akapimwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Wawili hao walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Kwa goti lililopondeka, CT inajibu maswali ambayo eksirei inayagusa kwa juu juu. Uso umedidimia kwa milimita ngapi, na wapi hasa: mbele, katikati au nyuma? Vipande ni vingapi, na kipi kikubwa kiasi cha kushika skrubu? Kwa miongo mingi madaktari wameyapanga majeraha haya kwa mgawanyo wa Joseph Schatzker wa Toronto, wenye aina 6, ambao msingi wake ni eksirei ya kawaida. Bado unatumika kila siku na unafaa. Lakini mwaka 2010 timu ya wapasuaji wa Shanghai ilipendekeza kuutazama uwanda kwa nguzo tatu, ya ndani, ya nje na ya nyuma, kwa kutumia CT. Hiyo ya nyuma ndiyo iliyokuwa ikitoroka. Kipande kilichovunjika nyuma hufichwa na mifupa iliyo mbele yake, na mpasuaji asiyekijua atafungua goti kwa mbele, ataweka bamba zuri na skrubu za kutosha, na kipande cha nyuma kitabaki kikining'inia. Mgonjwa akianza kukunja goti, fupa la paja linatelezea nyuma. Akikijua mapema, anaweza kuamua kumlaza mgonjwa kifudifudi na kuingilia nyuma. Kwa hiyo faida ya CT haiishii kwenye kuthibitisha kwamba mfupa umevunjika, maana hilo mara nyingi lilikwishajulikana. Inamwonyesha mpasuaji mahali pa kupitisha kisu. Tafiti zilizowaonyesha wapasuaji eksirei peke yake, kisha CT ya goti lilelile, zimekuta kwamba sehemu ya mipango yao ya upasuaji hubadilika.

Picha zile za rangi zenye umbo kamili la mfupa, ambazo mtu anaweza kuzizungusha kwenye kompyuta, huwavutia sana ndugu wa mgonjwa. Zinasaidia kueleza na kupanga. Ila kompyuta huzitengeneza kwa kulainisha, na ufa mwembamba unaweza kupotea humo. Mpasuaji makini hurudi kwenye vipande vyembamba vyenyewe, vya kijivu, akivipitia kimoja kimoja kutoka juu kwenda chini, mbele kwenda nyuma, kushoto kwenda kulia.

Kuna suala la wakati, na hapa ndipo naona fedha nyingi za wagonjwa zikipotea. Goti au kifundo cha mguu kilichovunjika vibaya huvimba kwa kasi. Ngozi hung'aa, halafu malengelenge hutokea, mengine yana maji na mengine yana damu. Kupasua kwenye ngozi ya namna hiyo ni kukaribisha usaha. Utaratibu uliokubalika kwa majeraha haya mazito tangu miaka ya 1990 ni kuanza kwa kuunyoosha mguu kwa vyuma vya nje, vile ambavyo wodini kwetu watu huviita antena, pini zake zikiwekwa mbali na mahali pa upasuaji ujao. Mguu ukivutwa hivyo, kano huvuta vipande na kuvirudisha karibu na mahali pake. Hapo ndipo CT inapigwa. Ikipigwa kabla, mpasuaji anapewa ramani ya fujo: vipande vimelaliana, vingine vimegeuka, na haijulikani kipi kilitoka wapi. Kisha antena inafungwa, kila kitu kinahama, na picha ya jana haifanani tena na mguu wa leo. Nimesikia familia ikilalamika kwamba hospitali "inachelewesha CT makusudi." Mara nyingi kuchelewa huko kuna hekima. Upasuaji wenyewe husubiri hadi mikunjo ya ngozi irudi, kwa kawaida kati ya siku 7 na 14, kwa hiyo siku za kupiga picha na kupanga zipo.

Sasa MRI. Mashine hii haitumii miale ya eksirei. Inatumia sumaku yenye nguvu kubwa. Inaona kile ambacho CT inakiona kwa shida: kano zinazofunga goti, gegedu mbili zenye umbo la nusu mwezi zinazotenganisha paja na muundi, na mfupa uliochubuka ndani bila kupasuka. Mwaka 2005 madaktari wa New York walichapisha matokeo ya MRI ya wagonjwa 103 waliovunjika uwanda wa muundi kiasi cha kuhitaji upasuaji. Aliyekutwa bila jeraha lolote la sehemu laini alikuwa mmoja tu.

Ukilisoma tokeo hilo haraka utasema basi kila goti lipigwe MRI. Mimi nalisoma kwa njia nyingine. Kama karibu kila mgonjwa ana jeraha la sehemu laini, basi kuambiwa "analo" hakumpi mpasuaji habari mpya. Anachohitaji kujua ni lipi linapaswa kushughulikiwa, na lini. Mengi atayaona kwa macho yake: akifungua upande wa nje wa goti kuinua mfupa uliodidimia, gegedu ile anaiinua na kuikagua, na ikiwa imechanika anaishona palepale. Kano atazijaribu mgonjwa akiwa bado na dawa ya usingizi, mfupa ukishakazwa. Kumhamisha mgonjwa mwenye mguu uliovimba kutoka mkoa mmoja hadi mwingine kwa ajili ya MRI, kabla ya kuunyoosha mguu huo, ni mateso ambayo mara nyingi hayana malipo.

Inapofaa, hata hivyo, inafaa kwelikweli. Goti limejaa damu, eksirei ni safi, mgonjwa hawezi kukanyaga: hapo MRI ina la kusema. Au mfupa umevunjika kidogo sana lakini goti linayumba. Mfano wake mzuri ni kipande kidogo mno cha mfupa kinachobanduka ukingo wa nje wa muundi. Paul Segond, daktari wa Paris, alikieleza mwaka 1879, miaka 16 kabla Röntgen hajagundua miale yake. Kwenye eksirei kinaonekana kama uchafu wa filamu, na wengi hukipuuza. Kikionekana, mara nyingi sana kano ya ndani ya goti, ile ambayo wachezaji wa mpira wanaiogopa, imekatika. Filamu ya bei nafuu kabisa ndiyo iliyoelekeza kwenye kipimo cha gharama. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba chuma kikishawekwa ndani, picha ya MRI karibu nacho huharibika. Kama kuna sababu ya kuipiga, ipigwe kabla. Na antena nyingi hazikuthibitishwa kuwa salama kuingia ndani ya sumaku ile.

Viungo vingine nitavipitia kwa kasi, maana kanuni ni ileile. Kisigino huvunjika mtu anapoanguka kutoka juu na kutua kwa miguu: fundi ujenzi kwenye jukwaa, mkwezi wa minazi, mchumaji karafuu wa Pemba. Eksirei ya ubavu inaonyesha kama kisigino kimebonyea, kwa kupima pembe ambayo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 20 na 40. CT inahesabu vipande vya kiungo kilicho chini ya kifundo, na ndiyo inayoamua kama upasuaji una maana. Mtu huyo huyo apimwe uti wa mgongo pia, kwa sababu karibu mmoja kati ya kumi waliovunjika kisigino kwa kuanguka huwa amevunjika na pingili ya kiunoni. Nyonga iliyoteguka kwenye ajali ya basi inapaswa kurudishwa mapema, ndani ya saa 6 ikiwezekana, kisha CT ipigwe baada ya kurudishwa, kutafuta vipande vilivyobanwa ndani ya kiungo. Bibi aliyeteleza uani, anaumia kinenani, hawezi kusimama, na eksirei haionyeshi kitu: huyo ndiye hasa anayestahili MRI, kwa sababu shingo ya fupa la paja inaweza kuwa imepasuka bila kuhama, na akilazimishwa kutembea itahama. Pasipo na MRI, CT inasaidia. Kijana aliyeangukia kiganja, anaumia kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, asiruhusiwe kwenda hivi hivi kwa sababu picha ni safi. Afungwe hogo na arudi baada ya siku 10 hadi 14 kwa eksirei nyingine. Kwa mtoto mdogo, sehemu kubwa ya kiungo bado ni gegedu isiyoonekana kwa eksirei, kwa hiyo daktari huweza kutumia ultrasaundi au MRI na kuepuka mionzi isiyo ya lazima.

Kuhusu mionzi, watu huogopa kisichotisha na kukisahau kinachostahili tahadhari. Eksirei ya goti ina kiwango kidogo mno. CT ya goti ni zaidi ya hapo lakini bado ni ndogo, chini ya milisiveti 1, ilhali mazingira ya kawaida humpa binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka. CT ya nyonga ndiyo inayopanda, kwa sababu miale inapita kwenye utumbo na viungo vya uzazi. Mwanamke anayehisi ana mimba aseme, hata kama kilichovunjika ni goti. CT ya kutazama mfupa peke yake haihitaji dawa ya kuingizwa kwenye mshipa. Dawa hiyo ni ya kutazama mishipa ya damu, na mwenye ugonjwa wa figo anatakiwa aulizwe kabla ya kupewa. Kwa MRI, hatari ni chuma. Fundi wa kuchomelea na kusaga vyuma anaweza kuwa na chembe jichoni asiyoijua, na sumaku ikaivuta. Amwambie mhudumu kazi yake kabla ya kulala kwenye mashine, apigwe kwanza eksirei ya macho.

Mgonjwa na ndugu zake wana haki ya kuuliza swali moja pale kipimo kinapoandikwa: majibu yake yatabadilisha nini kwenye matibabu? Daktari anayejua sababu ya kuagiza atajibu kwa sentensi mbili, bila kukasirika. Atasema anataka kuona nguzo ya nyuma, au anataka kujua kama kuna kipande ndani ya nyonga. Na karatasi ya maombi iandikwe hivyo hivyo. Maombi yanayosema "CT ya goti" tu humwacha mtaalamu wa mionzi akikisia. Yanayosema "ajali ya pikipiki, uwanda wa nje umedidimia, antena imefungwa jana, tunataka kujua hali ya upande wa nyuma" humwambia aanzie wapi na akate vipande vyembamba kiasi gani.

Mgonjwa akipewa rufaa kwenda hospitali kubwa kama KCMC, Bugando, Mbeya au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ndugu wasiondoke na karatasi ya majibu peke yake, wala picha ya filamu iliyopigwa kwa simu dirishani na kutumwa WhatsApp. Picha hiyo inatosha kwa ushauri wa haraka, haitoshi kupanga upasuaji. Waombe diski au faili lenye vipande vyote vya CT kama mashine ilivyovitoa, wahakikishe jina na tarehe vimo, na waibebe pamoja na eksirei za siku ya kwanza, hata zile zinazoonekana mbaya. Mpasuaji anayempokea atataka kuvizungusha mwenyewe kwenye kompyuta yake. Vikikosekana, mgonjwa atalazwa tena kwenye mashine ya CT, na familia italipia mara ya pili.